Miduara ya Majivu

Niliifuta ile miduara kwa mguu wangu mwenyewe, asubuhi kweupe, Nyawira akiniangalia kutoka mlangoni. Ilikuwa saba, imechorwa kwa majivu mbele ya nyumba ya Ndila, mikubwa kwa midogo. Nilisugua mpaka wa mwisho. Mtoto hakulia. Afadhali angelia.

Ulikuwa mwaka wa 1958, nasi tuliishi katika laini za nyumba za wafanyakazi kwenye shamba la mkonge nje ya Thika. Binti yangu alikuwa na miaka minane na hakujua kukimbia. Alianguka mahali pasipo na kitu cha kumwangusha. Vifungo vya nguo vilimshinda, na maji niliyomtuma mtoni yalifika nyumbani yakiwa kwenye gauni lake. Alivunja vibuyu vitatu mwaka huo, na kwa kila kimoja nilimchapa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nilijiambia. Uongo mtupu. Nilikuwa nikimwonea haya mtoto wangu, na wanawake wenzangu walipomcheka mtoni, nilicheka pamoja nao.

Ndila, jirani yetu Mkamba, hakumcheka. Yeye alikuwa ameumia nyonga shambani, kwa hiyo alibaki nyumbani akituangalizia watoto tulipokwenda kuanika mkonge. Jioni moja aliniita kando.

"Mama Nyawira, huyu mtoto si mgonjwa, na si mvivu. Ni mwili wake tu haijamzoea. Wacha acheze na mimi."

"Kucheza kutaniletea maji?"

"Italeta. Pole pole."

Sikuuliza angecheza mchezo gani. Nilikuwa nimechoka, na mtu akikupokea mzigo huulizi anaubebaje.

Kisha siku moja homa ilinirudisha mapema. Nikamkuta Nyawira akiruka kwa mguu mmoja kutoka duara hadi duara, naye Ndila akimrushia matunda ya ndulele, yale ya manjano yasiyoliwa na mtu, huku akinong'ona kwa Kikamba. Mwanangu alikuwa akitoka jasho na kucheka. Mimi sikuona kicheko. Kwetu tulizoea kusema Wakamba wana dawa, tukisema hivyo bila kufikiri, na sasa nikayaona majivu na ndulele nikaamini mtoto wangu anafanyiwa uganga.

Nyumba ya Ndila ilikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ningeweza kumwuliza. Badala yake nilikwenda kwa Bedan, nyapara wetu aliyekuwa pia mzee wa kanisa, na katika kusimulia nikatia chumvi. Baada ya siku tatu Ndila aliamriwa ahame. Alipita mlangoni kwangu akichechemea, godoro kichwani, akaniuliza habari za asubuhi kama siku zote. Nilimjibu nzuri. Alipokwisha kupinda kona ndipo nikaenda kufuta.

Mwezi mmoja baadaye Nyawira alirudi kutoka mtoni na kibuyu kimejaa. Alikuja akikanyaga kwa uangalifu, midomo ikicheza, akakitua chini bila kumwaga.

"Nani amekufundisha kutembea hivyo?"

"Ni ule mchezo wetu, maitu. Nilipita juu ya mawe nikihesabu kama Ndila." Akatazama pembeni. "Nilikuwa nimebakisha duara mbili nimalize."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumapili nilibeba kuku, nikapanda treni hadi Ruiru, alikosemekana amekwenda, nikaulizia kwenye mashamba ya kahawa mpaka nikampata. Alikuwa ameketi juu ya gunia, akichambua buni mbichi kutoka kwa zilizoiva. Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama: majivu, Bedan, na maneno niliyoongeza. Mikono yake haikuacha kuchambua.

Nilipomaliza nikangoja matusi, na nilikuwa nayataka.

"Siku hizi anarukia mguu gani?" aliniuliza. "Ule wa kushoto ulikuwa bado inamsumbua."

Nilikuwa nimehesabu kila kibuyu alichovunja.

"Sijaangalia," nikamwambia.