Uzito wa Komakech Kabla ya Kuchacha

Ijumaa saa nne asubuhi, Lanyero alichuja maji ya kimea cha mtama ya kutengenezea bia kwa kitambaa, akajaza jerikani ya lita ishirini, akabakiza kidogo kwenye chupa ndefu apime. Haidromita yake, kile kioo chembamba kinachoelea na kuonyesha uzito wa sukari, kwa kawaida husimama kwenye hamsini. Siku hiyo ilipanda mpaka mistari ikaisha, ikalala ubavu juu ya maji. Akaizungusha kutoa mapovu, akainama jicho likawa sawa na maji, akasoma tena. Akaijaribu kwenye maji ya mvua: sifuri. Kioo hakikuwa na kosa.

Maji aliyopikia yalitoka bwawa la machimbo ya chokaa. Lori huyaleta mtaani kwao, Nyamwamba. Mumewe, Komakech, alifanya kazi huko miaka sita. Mwezi wa tatu hakurudi. Wenzake walisema ukingo ulimeguka ukamtupa bwawani. Ofisi iliandika kwamba amevuka mpaka wa nchi, pale Bwera, na mwanamke, ikakataa kukausha bwawa. Lanyero hakutaka kingine duniani ila mwili wa kuzika.

Kambale wa bodaboda, aliyeitwa aipeleke machimboni ikapimwe na kuandikwa, alijaribu kuinua jerikani, akaiachia.

"Mama, hii iko muzito kama mutu."

"Ni Komakech."

"Ah. Pole, mama. Mimi niko wa Bwera, ndugu zangu beko pale mpakani. Hakuna mwenye alimuona."

Akaita mwenzake, wakaipandisha kwenye pikipiki na kuifunga kwa mpira, taratibu, wasimuumize.

Machimboni, Twinomujuni wa maabara, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alipima kwa haidromita yake mwenyewe. Nayo ikalala ubavu. Hakubisha.

"Tatizo ni joto, mama. Hii ni digrii thelathini na nne. Joto inadanganya kipimo. Ofisi inakubali ya ishirini tu. Rudi Jumatatu ikiwa imepoa."

"Bosi, nimeshatia unga wa mtama. Itachacha."

Mazoea ndiyo yalimponza: mkono ulitia unga wa kuchachusha kabla ya jicho kupima.

"Jumatatu, mama. Mimi nitasaini."

Bia ikichacha, sukari huliwa na uzito hushuka. Jumamosi jerikani ilikuwa na uzito wa mtu aliyeugua muda mrefu. Jumapili, wa mtoto. Lanyero aliengua povu kwa kijiko, akasali rozari, akamsihi mumewe kwa Kiacholi avumilie siku moja tu. Akamgombeza, kisha akajuta kumgombeza. Povu likazidi kupanda.

Jumatatu ilikuwa digrii ishirini kamili. Twinomujuni alipiga magoti mbele ya kioo, akasoma mara mbili, akampisha Lanyero naye asome. Kumi. Bia ya kawaida.

Akaandika: *Kipimo sahihi. Hakuna mtu.* Akasaini, akagonga muhuri, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Ijumaa alikuwa hapa. Hata mimi nilimuona."

"Basi andika hivyo."

"Ilikuwa na joto, mama."

Nje, Kambale alikuwa ameshapata abiria mwingine. Lanyero akaibeba jerikani mwenyewe kwa miguu, akilia waziwazi mbele za watu, na njia nzima mpaka nyumbani hakuhitaji hata mara moja kubadilisha mkono.