Majabali ya Ukingo wa Wema

Hiribae wa Garsen hakuwa mtu wa kusahau. Aliweza kukutajia kila mkutano ambamo malisho ya Waorma, wafugaji wenzake, yaligawiwa bila Waorma kuitwa, na nani alikaa kiti cha mbele akitabasamu. Hata kompyuta alijifundisha kwa hasira hiyohiyo, kwa kuchoka kuona nchi yake ikichorwa na wageni. Sasa studio moja ya katuni huko Nairobi ilikuwa imempa jaribio: atengeneze genge la majabali, mawe ya pembe yaliyopandana kama nyumba iliyobomoka. Yakiwaridhisha, kazi ni yake. Walitaka kuyaona siku hiyohiyo, kabla ya magharibi.

Mawe yakamkatalia. Programu ya kuunda mandhari hutumia kitu mafundi wanachokiita noizi, yaani namba za ovyo ambazo mashine huzimwaga juu ya ardhi bapa, hapa ikavimba, pale ikabonyea. Hiribae akamwaga, vikatoka vichuguu. Akazidisha ukali, vikatoka vichuguu vyenye miiba.

"Hayo ni mawe au mavi ya ng'ombe?" akauliza Mbeyu, mzaliwa wa kijiji cha Wema, mwenye duka la kuchapisha hapo Garsen. Umeme ulikuwa wake, na kiti alichokalia Hiribae pia kilikuwa chake.

"Wewe jiwe umeliona wapi, dada? Kwenu Wema ni tope mpaka mwisho wa dunia."

"Na kwenu je? Mkitaka mlima mnapanda kichuguu."

Alisema kweli. Deltani mtoto hukua bila kujikwaa jiwe. Mchungaji akitaka kuona mbali hupanda kichuguu, na huo ndio urefu pekee ambao mkono wa Hiribae uliujua: kitu kilichoinuka kutoka chini, punje kwa punje, kikaviringika.

Mbeyu aliinamia kioo cha kompyuta. "Pembe unazotafuta ziko shambani kwa baba. Ukingo wa mto unakatika vilevile, mapande mapande. Ila sijui utakwendaje."

Hakuhitaji kueleza. Mwaka uliopita, barazani, Hiribae alishika kipaza sauti akamwita baba yake Mbeyu, mzee Tuneya, mwizi wa njia ya ng'ombe, kwamba shamba lake limeziba njia ya kwenda mtoni. Watu wa Wema hawakusahau. Na bado Mbeyu alikuwa akimpa kiti.

"Nitakwenda," akasema Hiribae. "Akinifukuza, nitarudi."

Alichukua bodaboda mchana wa jua kali. Mzee Tuneya alikuwa aking'oa machipukizi ya migomba karibu na maji, ayawahi kabla mto haujayala. Alimtazama mgeni toka kichwani hadi viatuni.

"Kipaza sauti umekiacha wapi?"

"Garsen, baba."

"Basi karibu. Usisimame hapo, pataanguka."

Hiribae alieleza shida yake. Mzee hakuelewa neno, lakini alimpeleka ukingoni. Mafuriko yalikuwa yamerudi nyuma, na tope lililokauka lilikuwa limepasuka vyumba vyumba, kila kimoja na kuta zake zilizonyooka. Ufa ndio uliotangulia. Ulishuka chini, kisha pande zima likaporomoka, likaacha uso mkavu wenye ngazi. Hakuna kilichovimba. Hiribae alikuwa akivimbisha kwanza na kuchonga baadaye. Kumbe ilipasa kupasua kwanza.

Alipoinama kupiga picha, alihisi shati limekazwa mgongoni. Mzee alikuwa amelishika kwa ngumi, kama anavyoshikwa mtoto ndani ya mtumbwi.

Aliporudi dukani alifuta vichuguu vyote. Akaigawa ardhi kwa nyufa, akakipa kila chumba kimo chake na mwinamo wake, akakikata kwa matabaka. Noizi aliinyunyiza mwisho, kidogo tu, kama chumvi, ipate kula ncha za pembe. Majabali yakasimama. Mbeyu aliacha kuchapisha, akaja kutazama, na safari hii hakutaja ng'ombe.

Jibu lilifika kabla ya adhana ya magharibi: kazi ni yake.

Asubuhi Hiribae alikuwa Wema tena, na picha kwenye simu.

"Baba, mawe yamekubaliwa."

"Mawe gani? Sisi hatuna mawe." Tuneya aliisogeza simu mbali na macho. "Pazuri. Lakini hapa mtu atapanda nini?"

"Hapapandwi kitu. Ni pa kutazama tu."

"Na kutazama kunalisha?"

"Mimi kutanilisha. Nimekuja kushukuru."

"Nilidhani umekuja kuniongezea shitaka." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Haya, shukuru. Wengi wamepita hapa wakachukua, wa kushukuru sijamwona."

Hiribae alishukuru. Alishukuru kwa sauti ileile ya barazani, akimtaja mzee kwa jina lake na la baba yake, mpaka wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mto wakainua vichwa kusikiliza.