Mume Wangu wa Ubundu

Sina mume. Nalisema mapema kabisa, maana siku nilipolisema kwa kupiga kelele hakuna aliyenisadiki.

Mimi Siwema, mtu wa Ujiji. Mwaka jana nilikuja Kisangani kufundisha kushona kwenye karakana moja ya akina mama huko Makiso. Tangu wiki ya kwanza sijawahi kutembea mtaa mzima kwa amani. "Mama Tanzania! Kuya hapa!" Huyu anashika mkono, yule ananifuata mpaka sokoni akiuliza ninalala wapi. Ukijibu salamu, ati umekubali. Usipojibu, unajidai, na matusi yanakusindikiza hadi kona. Jamani, nilifika mahali sinywi maji asubuhi, nisije nikabanwa mchana, kwa sababu choo cha karakana kiko ng'ambo ya barabara na barabarani wamekaa wao.

Kilichonizuia kurudi kwetu ni kitu kimoja tu, chumba changu cha Kabondo. Nilipanga uani kwa Papa Rashidi na mkewe Mama Aïcha, walionipokea kwa furaha kwa sababu babu zao walikuwa na ndugu Ujiji. Mlango ulikuwa na funguo mbili, mmoja wangu na mmoja wa Papa Rashidi. Nikishaufunga, hakuna mwanamume anayeniita. Navua viatu, nakaa sakafuni, nikitaka kulia nalia.

Sasa, karibu na karakana kuna kituo cha toleka, zile baiskeli za kupakia watu. Hapo alikuwepo mmoja wa kofia nyekundu. Jina lake sikuwahi kulijua wala sikulitaka. Kila asubuhi anaweka baiskeli yake mbele yangu, nikienda kushoto anahamia kushoto. Siku moja nilikuwa nimechoka hadi kwenye mifupa, nikamwambia, "Niache! Nina mume. Anaitwa Fadhili, yuko Ubundu, kazi ya reli."

Loo! Akasogeza baiskeli. Miezi minane nilikuwa nawasomea watu wale sheria na adabu, kumbe dawa ilikuwa mwanamume mwingine. Wakaanza kuniita bibi ya Fadhili na kunipisha. Nikanunua pete. Wakiniuliza habari zake, najibu, tena natia chumvi: mrefu, mweusi, swala tano, anapenda samaki wa moshi, kidole cha mkono wa kushoto kilibanwa na chuma cha reli. Nyumbani nako nikasema hivyo hivyo nisije nikaumbuka. Papa Rashidi, mtu wa Mungu, akawa anamwombea Fadhili dua kila Ijumaa. Nami naitikia amina, shetani mimi.

Jumamosi iliyopita nilirudi saa nane mchana. Uani kunanukia samaki. Mama Aïcha akanikimbilia, akanikumbatia mpaka mkoba ukaanguka.

"Siwema, mutoto yangu, Mungu iko! Bwana yako alifika!"

"Bwana gani?"

"Ona vile anafanya haya! Fadhili! Alitoka Ubundu na samaki, tulipika. Papa alimupa ufunguo, iko anapumuzika."

Nikakimbilia chumbani. Mlango wangu ulikuwa wazi. Kitandani, juu ya shuka langu, amekaa yule wa kituo cha toleka. Hana kofia nyekundu, amevaa ya msikitini. Kidole cha kushoto amekifunga kitambaa. Wiki mbili nyuma mvua ilinikuta njiani, nikapanda baiskeli yake, akanifikisha hapa hapa getini. Mjinga mimi, nilimshukuru.

"Bibi yangu," akasema taratibu. "Ulikonda."

Nilipiga ukelele ambao sijui ulitokea wapi. "Toka! Papa Rashidi, mtoe! Huyu si mume wangu, huyu ni mwizi!"

Papa Rashidi akaja na birika la udhu mkononi. Akatutazama wote wawili. "Bon," akasema. "Kama huyu haiko Fadhili, Fadhili iko wapi?"

"Hayupo, papa. Nilimtunga. Sina mume, sijawahi kuwa naye. Nilidanganya ili waniache njiani, wallahi nilidanganya!"

"Nilimuombea kila Ijumaa," akasema Papa Rashidi, na uso wake ulinyauka. "Ulikuwa unasema amina."

"Nisamehe, papa. Lakini twende kituo cha toleka, kule Makiso. Wanamjua! Waulizwe!"

Hapo yule mtu akainuka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza. "Papa, unasikia? Mimi niko Ubundu ninatumika kazi ya reli, yeye anajuana na banaume ya kituo. Alors, mu wale ni nani alimuambia anikane?"

Mama Aïcha akashika mdomo. Nikaona macho yao yakihama kwake na kuja kwangu, kwenye blauzi yangu, kwenye pete yangu. Pete! Niliivua nikaitupa, na hilo nalo likawa ushahidi.

"Mama Aïcha," nikamwambia, nimepiga magoti, "mwanamke mwenzangu. Usiniache naye."

Alikuwa analia. Lakini alimtazama mumewe kwanza, na mumewe akatikisa kichwa. "Donc, hatuingie mu mambo ya bwana na bibi," akasema Papa Rashidi. "Muzungumuze ndani. Tutafunga geti, watu wa inje wasisikie haya yetu."

Aliposhika geti nilipita chini ya mkono wake. Nilikimbia bila viatu, bila mkoba, mpaka mtoni panapovukiwa kwenda Lubunga, kwa sababu mwanafunzi wangu Viviane anakaa huko na sikuwa na mwingine. Nyuma nilimsikia yule mtu akiniita kwa upole kabisa, "Siwema, rudi nyumbani," na mtaa mzima ukiniambia nirudi. Chumba kile sina tena. Ufunguo wangu uko mkobani, na ule mwingine anao yeye.

Nikapanda pirogi, mtumbwi wa kuvushia watu, nikajibanza katikati ya magunia ya mihogo. Mpiga kasia alituvusha hadi maji yakawa mapana pande zote. Kisha akaniangalia miguu yenye vumbi, akaniangalia usoni, akatabasamu.

"Mama, uko peke yako? Bwana yako iko wapi?"

Abiria wakageuka wanisikilize. Nikisema ninaye, atauliza jina. Nikisema sina, nimesikia majibu yake miezi minane. Nikaivuta miguu chini ya gunia.

Akaacha kupiga kasia, akauliza tena.