Panzi wa Kwenye Kalenda

...asiruke, jamani asiruke sasa, maana nzi ametua kwenye ukingo wa bakuli la sukari hapa jikoni na jicho lake limeanza kuonekana ndani ya kamera, jekundu, vyumba vyumba, mke akisogea mbele kidogo tu litakuja lote, azuie pumzi... na huko sebuleni mume wake anasema, macho makavu, "Panzi huyu nilimvizia asubuhi nzima," amemvizia nani, asubuhi ile alikuwa anakoroma, aliyelala kifudifudi kwenye majani mabichi siafu wakimpanda mapajani ni yeye, mke, na bwana alipoamka alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akamcheka, eti siku hizi hata panzi wana harusi ya kupigwa picha, akaenda kuwasimulia na majirani, leo picha ya panzi yule yule iko mikononi mwa mgeni anayechapa kalenda, mgeni anasifu, mgeni anataka picha za mwaka mzima na jina la mpigaji chini ya kila moja, na jina lililotajwa si lake... mikono inatetemeka, jicho la nzi limepotea tena, ukungu, ukungu kama ule wa mwanzo, alipoona kwenye simu kwamba lenzi ya kawaida ukiigeuza nyuma mbele inakuza vitu vidogo, akaigeuza, akaifunga kwa utepe mweusi wa mafundi umeme, akaziba taa ya kamera kwa kifuniko cheupe cha kopo ili mwanga usimuunguze mdudu sura, akaambulia ukungu mtupu na magoti yaliyochubuka, mpaka siku alipoacha kuzungusha zungusha lenzi akaanza kusogea mwenyewe, kiasi cha ukucha, mbele, nyuma, na sharubu za sisimizi zikamtokea wazi akalia peke yake hapo uani, nani alikuwepo, hakuwepo mtu... "Ulimkaribiaje hivyo bila yeye kuruka?" mgeni anauliza, mume anakohoa, anasema ni uzoefu tu, uzoefu, mtu hajui hata kwa nini lenzi ina utepe, na mgeni anacheka kwa furaha, anaomba aonyeshwe, hapa hapa, hata nzi atatosha, kisha ile sauti ya kutumana, "Mama watoto, niletee kamera yangu." Yangu. Chai imechemka, kifuniko cha birika kinagonga, na ajabu mikono yake imetulia, imetulia tuli, kwa nini asimpelekee, atampelekea, ataubandua utepe wote, kamera upande huu wa sinia, lenzi upande ule, na bakuli la sukari katikati, atamwekea mbele yake kwa heshima zote, halafu harudi jikoni ng'o, atavuta kiti akae karibu na mgeni, amwangalie bwana akiunganisha, chai na ipoe, na mgeni akigeuka kumuuliza yeye, atajibu... "Nakuja, baba watoto," anaitika bila kuinua uso, nzi bado yupo, anasugua mikono yake, jicho linakuja, linakuja, anazuia pumzi.