Mrija Uliovuka Geti

Jeneza la Otukei lilikuwa kando ya kaburi tangu asubuhi, na hakuna aliyethubutu kulishusha. Katika ukoo wao wa Kiteso, mtu hazikwi kabla nduguye hajavuta funda la kwanza la ajon, pombe ya ulezi, kutoka chungu cha matanga. Na Okiring, ndugu pekee aliyebaki, alikuwa amezuiwa kwenye geti la mpaka, Malaba, upande wa Uganda.

Atyang, binti wa marehemu, alikuwa akitazama jua likishuka, basi dogo la watalii lilipoingia uani. Lilitoka Jinja, Uganda, likapita geti lile lile, dereva akipunga mkono tu.

Kiongozi wao, Hillary, akamsogelea. "Pole sana, dada. Wageni wangu wanazunguka kuona mila za mpakani. Wataonja kidogo? Na picha mbili tatu?"

"Boss, mila mnayoitafuta mmeipita getini. Imesimamishwa."

Atyang akakunja leso, akaiweka kichwani, akajitwika chungu. Hakumwita mtu. Wazee wakainuka na mrija, wanawake na wimbo. Wageni nao wakafuata, simu mifukoni.

Getini, askari akatandaza mikono. "Mama, chungu kinaenda wapi?"

"Hakiendi. Kimefika."

Akakitua kando ya uzio. Ng'ambo, Okiring alikuwa ameegemea fimbo.

"Baba mdogo, kitambulisho kiko wapi?"

"Kililiwa na panya, mwanangu. Sasa panya ndio raia."

Watu wakacheka. Mpaka ule ulichorwa na watu ambao hawakuwahi kuketi kwenye chungu chochote cha hapa. Babu yake Atyang alilala ana ndugu, akaamka ana mgeni. Wachoraji walishakwenda zao, bendera zikabadilishwa, lakini geti likapakwa rangi mpya.

Mrija wa Wateso ni mrefu, hutumiwa na mtu aliyeketi mbali na chungu. Atyang akatia ncha moja chunguni, nyingine akaipitisha kwenye waya.

"Hajavuka," akamwambia askari. "Ni pombe imemfuata."

Askari akageuka, akatazama malori.

Okiring akapiga magoti, akavuta. Mashavu yalibonyea. Alikaa na funda lile mdomoni muda mrefu, akalimeza kama jiwe.

"Mshusheni," akasema.

Atyang akauvuta mrija taratibu. Haukuja. Mzee alikuwa ameushika kwa mikono miwili, macho yamefumbwa.

Akauachia. Wakarudi kuzika, chungu bila mrija.