Imeshika

Sabasaba alizaliwa tarehe saba mwezi wa saba, ndipo akapata jina lake. Alikuwa ng'ombe wa shemeji yangu Bernadeta, mjane wa mdogo wangu, na Bernadeta hakuwa na ng'ombe mwingine. Kila asubuhi maziwa yake yalikwenda jikoni kwa mapadri wa Kipalapala, ila kikombe kimoja aliniletea mimi. Akishakiweka mezani huvuta kigoda, akaketi, akasema, "Haya, shemeji. Leo tunasoma nini?"

Yeye hakujaliwa kusoma. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na sita, katika darasa la watu wazima, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia stesheni ya Tabora. Sikuishia hapo. Niliendelea na masomo ya jioni mpaka nikafanya mtihani wa kidato cha nne, na cheti changu kiko ukutani, kwenye fremu. Uwesu, jirani anayechota maji kwa mkokoteni wa punda, huniita Profesa Koroboi kwa ajili ya taa niliyosomea. Nilikuwa nikicheka naye, maana koroboi yangu ilinifikisha mahali ambapo umeme haukuwafikisha wengi.

Kati ya vitabu vyangu kimoja kinahusu magonjwa. Nilikinunua sokoni kikiwa hakina jalada. Sura ya ndui niliisoma hata nikaweza kuisema bila kutazama, na Bernadeta aliipenda kuliko zote. Inasimulia tabibu mmoja wa Ulaya wa zamani aliyeona kwamba wanawake wanaokamua ng'ombe wenye vipele hawashikwi na ndui ya watu. Akachukua usaha wa kipele kwenye mkono wa mmoja wao, akamchanja nao mtoto, na ndui haikumpata mtoto yule. Kitabu kinasema pia kwamba tabibu huyo alidhani ugonjwa ule umeanzia kwa farasi, ukatoka kwenye miguu yao, ukapita mikononi mwa watunzaji wao mpaka kwenye viwele vya ng'ombe.

"Kumbe Wazungu nao wanachanja chale!" Bernadeta alisema siku ya kwanza.

"Kuchanja ni kuchanja," nikamjibu. Jibu hilo nililipenda sana.

Ndui ilikuwa na deni la damu na ukoo wetu. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara kati ya Tabora na Ujiji, na ugonjwa ulimkuta njiani. Nilipokuwa mdogo nilizoea kuweka ncha ya kidole katika mashimo ya uso wake. Alisema katika msafara wao walirudi nusu. Njia ile ya zamani bado inapita nyuma ya mashamba yetu, nyembamba siku hizi, inatumiwa na baiskeli na mifugo.

Ni kwa njia hiyo ugonjwa ulikuja. Mwaka jana, mvua zikielekea kwisha, mtu mmoja alipitisha ng'ombe madume watatu kutoka upande wa Usinge, na mmoja wao alikuwa na uvimbe shingoni. Walinywa maji kwenye lambo letu, wakaendelea. Baada ya wiki mbili ng'ombe wa kijiji wakaanza kutokwa na mapele magumu kama kokwa za ukwaju. Dume langu lilipata machache tu, likakosa hamu ya majani siku mbili, kisha likainuka na kula kama kawaida. Mapele yakakauka, yakafanya vigaga.

Afisa mifugo alikuja na pikipiki. Ni binti wa mzee Muhanna wa Chemchem, anaitwa Lamya, mwembamba, mtaratibu wa maneno.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ni nini hiki?"

"Ni ugonjwa wa mapele ngozi. Nzi na mbu wanaouma ndio wanaousambaza. Asihamishwe ng'ombe hata mmoja, wanyunyizieni dawa ya nzi. Chanjo nimeiomba, itafika baada ya wiki mbili. Vumilieni."

"Ni ndui hii?"

"Ni ukoo wa ndui, ndiyo, babu. Lakini..."

Aliendelea kueleza. Mimi nilikuwa nimeshalisikia neno nililolitaka, na baada ya hapo nilikuwa natikisa kichwa tu kama mtu anayesikiliza.

Kesho yake Uwesu alinikuta nimeinama nyuma ya punda wake, natazama kwato.

"Profesa Koroboi, umepoteza nini huko nyuma?"

"Natafuta ndui ya farasi."

"Farasi! Huyu ana kiburi tu, kama wewe. Akikupiga teke nitasema umekufa ukiwa masomoni."

Nilimweleza nia yangu. Wiki mbili ni nyingi. Dume langu limeugua kidogo na kupona, basi ugonjwa wake ni mpole. Nikichukua kigaga chake na kumchanja ng'ombe mzima, naye atauugua kidogo na kupona, kisha hautamrudia. Uwesu alikuna kidevu.

"Na binti wa Muhanna amesemaje?"

"Amesema ni ukoo wa ndui."

"Basi mchanje wa kwako kwanza."

"Wa kwangu wengine wawili wamelala zizi moja na dume. Yumkini wameshaupata. Sitajifunza kitu kwao."

Hilo lilikuwa jibu la msomi.

Bernadeta sikumshawishi. Laiti ningelazimika kumshawishi, labda katikati ya maneno ningejisikia ninachosema. Nilimwambia tu, naye akaenda kumfunga Sabasaba kamba. Ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi saba. "Wewe ndiye unayejua, shemeji," alisema, akamshika pembe. Nilichemsha wembe, maana usafi nao nilikuwa nimeusoma. Nilisaga kigaga kwa maji ya chumvi, nikampiga chale tatu nyuma ya sikio la kushoto, nikapaka. Sabasaba alitingisha kichwa mara moja, akaendelea kucheua.

Siku ya tano mahali pale pakavimba, pagumu, pana joto. Nilikunja mkono wa shati, nikamwonyesha Bernadeta kovu langu la chanjo ya ndui, niliyochanjwa nikiwa kijana kwa sindano yenye meno mawili. "Wakati ule muuguzi alirudi kutazama," nikamwambia. "Pakivimba hivi alikuwa akisema, imeshika."

"Imeshika!" Bernadeta akapiga vigelegele hapo zizini, na akaenda kuwaambia watu. Jioni ile walikuja watu watatu wenye ng'ombe, wakaomba niwachanjie na wao. Niliwapangia Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Siku ya tisa Sabasaba hakuinuka kula. Macho yalimtoka machozi na mate yakamning'inia. Siku ya kumi mapele yalimjaa kuanzia shingoni hadi kwenye kiwele, na maziwa yakakatika kama bomba lililofungwa. Bernadeta alimfunika kwa gunia lililoloweshwa, akamkandakanda, akamwimbia kwa Kinyamwezi zile nyimbo za kubembelezea watoto. Mimi nilikaa kizingitini na kitabu changu, nikiipekua ile sura, nikitafuta mstari niliouruka. Hapakuwa na mstari niliouruka. Kitabu hakikuandikwa juu ya ng'ombe wetu.

Siku ya kumi na mbili alitupa ndama, dume, amekufa, manyoya hayajatimia. Siku ya kumi na tatu, Ijumaa, saa nne asubuhi, Sabasaba alinyoosha shingo akakata roho.

Lamya alifika mimi na Uwesu tukiwa tunachimba shimo. Alivaa glavu, akamtazama mwili mzima, akafika sikioni.

"Mama, hapa pamekatwa na nini?"

"Mwiba," alisema Bernadeta.

"Mwiba haupigi mistari mitatu iliyolingana."

"Wa kwetu unajua kuhesabu."

Hakuna aliyecheka. Lamya aliinua macho, akanitazama mimi, kisha Uwesu, kisha mimi tena. Nilikuwa nimeshika jembe. Nilitazama mpini wake. Nilikuwa na miaka sabini na sita na cheti ukutani, na mjane asiyejua kusoma alisimama mbele yangu kuniziba aibu, miguu yake ikiwa bado na damu ya ndama. Nami nikamwacha aseme.

Tulimzika. Watu wawili waliuliza habari ya nyama, Bernadeta akawatazama mpaka wakaondoka.

Jumamosi wale watatu walikuja kama nilivyowapangia. Walikuwa wamewafunga ng'ombe wao kwenye uzio wangu, jumla sita, wote wazima, ngozi zinang'aa. Nilidhani wamesikia msiba, wataahirisha. Mmoja wao, Anton, akasema, "Wa Bernadeta ulimchelewesha, mzee. Mwiba ulimwingizia ugonjwa kabla dawa yako haijafanya kazi. Tuwahishe hawa."

Uwongo wa huruma ulikuwa umeshazaa. Uwesu alikuwa amesimamisha mkokoteni njiani, ananitazama, na kwa mara ya kwanza hakuniita profesa.

"Adriano," alisema. "Sema."

Nikasema. Nilisema kwamba hapakuwa na mwiba, palikuwa na wembe, na mshika wembe ni mimi. Kwamba binti wa Muhanna alituambia tusubiri. Kwamba nimemuua Sabasaba na ndama wake kwa neno moja nililolisikia nusu. Anton alitema mate chini, hakunielekezea, lakini hakuyaelekeza mbali. Wakafungua kamba zao, wakaondoka bila kuniaga.

Chanjo ilikuja Jumatatu. Lamya alipomaliza kuchanja kijiji alinijia, akaketi kwenye kile kigoda cha Bernadeta bila kujua ni cha nani.

"Babu, ukoo ni mmoja, lakini watoto wa ukoo hawafanani tabia. Ile ya kitabuni ni nyingine, ya upole. Hii yetu ndugu zake wa karibu ni ndui ya mbuzi na ndui ya kondoo. Na uliyoipaka ilikuwa kali vilevile, haijapunguzwa. Dume lako lilikuwa na bahati, siyo ugonjwa uliokuwa mpole. Siku ile nilikuwa naeleza hayo."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa naitikia."

Nilitaka siku hiyohiyo kumpelekea Bernadeta mtamba wangu. Lamya alikataa. Marufuku ni marufuku, hata kuvusha ng'ombe njia tu, mpaka miezi ipite. Basi najifunza kungoja. Kila asubuhi namkamua mama wa yule mtamba, vidole vyangu vinauma, nabeba kikombe mpaka kwa shemeji, namwekea mezani. Tumebadilishana njia.

Anashukuru. Ananiuliza hali ya mgongo wangu. Siku ya kwanza nilikuwa na kitabu kwapani, si kile, kingine, cha safari za baharini. Nilisubiri aulize.

Alikunywa maziwa taratibu, akafuta mdomo kwa upande wa kanga, akatazama zizi lililo wazi.

"Leo tusisome, shemeji," alisema.

Bado hajasema tusome.