Kokwa la Aprikoti

Akaunti ya simuni ya Jasurbek ilikuwa kimya tangu miaprikoti ilipochanua. Huko ugenini alikokwenda kujenga, aliona mtu akisukumwa kutoka ghorofani, akaahidi kutoa ushahidi mahakamani, kisha akapotea. Wakubwa wa jengo walikuwa wamemwambia kwamba wataipata familia yake popote. Ndiyo maana dada yake Nigora na mama yao walihama kimyakimya.

Sasa, kiangazi, akaunti ile ikaleta mwaliko wa sataranji kwenye simu, ule mchezo wa polepole ambao mtu hupewa siku kadhaa kujibu. Nigora alisujudu kwa shukrani. Kwa furaha akaandika kwamba wako mjini Margilan kwa shangazi, nyumba yenye geti la bluu. Hakujibiwa neno. Farasi tu alisogezwa.

Ufunguzi wa mchezo ulikuwa wa Jasurbek kabisa: askari wa pembeni mbele, farasi ukingoni.

Mama alimtania. "Unamkodolea macho farasi huyo kama posa imeletwa. Mdogo wako yu hai, njoo ule."

Lakini Nigora aliufungua mchezo wao wa mwaka jana, akalinganisha. Ulikuwa uleule, hata kosa ambalo Jasurbek alijilaumu kwalo majira yote ya baridi. Nani hurudia kosa la namna hiyo? Akaiacha njia ile ya zamani, akasogeza askari mwingine. Jibu likachelewa. Lilipokuja, lilikuwa safi, la kitabuni. Jasurbek hakuwahi kufungua kitabu cha sataranji.

Nigora alimwomba Mungu iwe yeye ndiye aliyekosea. Kisha akakumbuka tembo, kete iendayo kimshazari. Utotoni tembo wao mmoja alipotea, wakaweka kokwa la aprikoti mahali pake, na tangu hapo kila tembo kwao aliitwa kokwa. Hakuna wengine waliomwita hivyo.

"Linda kokwa lako, mdogo wangu," akaandika.

Safari hii jibu halikukawia.

"Kokwa gani? Mama yupo nyumbani leo?"

Kutoka uani, mama, mwenye unga mikononi, aliuliza kijana amesema nini.

"Anauliza kama upo."

"Mwambie nipo, mwanangu. Na geti nimemwachia wazi tangu asubuhi."